Kukusanya, Kupima na Kurejesha: Kazi ya Historia ya Mahali na Kumbukumbu za Vita vya Majimaji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna historia ya mahali inavyofanywa katika jamii, pamoja na madhumuni yake. Mfano unaotumika ni kumbukumbu za Vita vya Majimaji (1905–1907) kusini mwa Tanzania. Inaelezwa kwamba kazi hii ina hatua tatu: kukusanya habari, kuzipima, na kuzirejesha kwa waliozitoa. Hoja kuu ni kwamba hatua ya tatu, ambayo aghalabu huachwa, si hisani ya mtafiti kwa wanakijiji, bali ni sehemu ya utafiti wenyewe. Pasipo hatua hiyo ukusanyaji hauna uhalali na upimaji haukamiliki.

1.0 Utangulizi

Historia ifundishwayo shuleni hupangwa kwa kipimo cha taifa. Huanza na dola, ikapita kwenye ukoloni na harakati za uhuru, ikaishia kwenye serikali. Historia ya mahali hutumia kipimo kingine. Huuliza habari za kijiji, mtaa, ukoo au bonde moja: ni nani waliofika kwanza, kisima kilichimbwa lini, kwa nini mlima fulani una jina lile, na watu wa upande ule wa mto walihama kwa sababu gani. Malighafi yake ni masimulizi ya wazee, majina ya mahali, makaburi, mahame, miembe na minazi iliyobaki porini ikionyesha palipokuwa na nyumba, na karatasi chache zilizohifadhiwa sandukuni au katika ofisi ya misheni.

Kuna mtazamo uliozoeleka kwamba kazi hii ni ya maandalizi tu. Kwa mujibu wa mtazamo huo, habari za vijiji ni matofali, na jengo lenyewe ni historia ya taifa. Makala haya hayakubaliani nao. Tofali haliulizwi linataka nyumba ya namna gani, lakini jamii inayotoa habari zake ina maswali yake, hofu zake na madai yake. Kwa hiyo kuzungumzia madhumuni ya historia ya mahali ni kuuliza kwanza: habari hizi zinakusanywa kwa ajili ya nani, na zikishakusanywa huenda wapi?

2.0 Desturi ya Kuandika Habari za Mahali

Yafaa ieleweke kwamba kazi hii haikuletwa Afrika ya Mashariki na vyuo vikuu. Miji ya pwani kama Kilwa, Pate na Lamu ilikuwa na habari zake zilizosimuliwa na kuandikwa kabla ya kuwapo idara yoyote ya historia. Habari za Pate zinafundisha jambo la pekee kuhusu ufundi wenyewe. Matoleo kadhaa yake, yaliyolinganishwa na Marina Tolmacheva katika kitabu chake cha mwaka 1993, yanatofautiana katika majina, miaka na mfuatano wa watawala, ingawa yote yanashikilia utukufu wa ukoo wa Nabahani. Habari ya mahali, basi, huwa na mwenyewe, na mwenyewe huwa na jambo analotaka lisisahaulike.

Bara nako desturi hiyo haikukosekana. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy na kuchapishwa na wamisionari wa Magila kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907, ni historia ya ukoo uliotawala Usambara tangu Mbegha. Thamani yake imo katika ukaribu wa mtungaji na watu aliowaandika. Hata hivyo, ukaribu huohuo unamlazimu msomaji kuuliza ni habari za nani zilizoachwa nje ya baraza la Wakilindi.

Mfano wa tatu watoka Kongo, tena haukutoka kwa watawala. Mwaka 1965 André Yav alitunga historia ya jiji la Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandiko hayo ya Kiswahili cha Katanga yalikuja kuchapishwa pamoja na tafsiri na maelezo na Johannes Fabian mwaka 1990. Ndani yake ukoloni unatazamwa kutoka jikoni na uani: mshahara, posho, majina ambayo watumishi waliwapa mabwana wao. Hakuna faili la serikali ambalo lingeweza kuieleza historia hiyo kwa namna hiyo.

Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba jamii zimekuwa zikijiandikia habari zao kwa haja zao zenyewe: kuthibitisha utawala, kulinda heshima ya ukoo, au kudai kwamba watu wa chini nao walishiriki kulijenga jiji. Mtafiti wa chuo kikuu anapoingia kijijini huikuta kazi ambayo tayari inaendelea.

3.0 Mradi wa Mwaka 1968 na Madhumuni Yake

Vita vya Majimaji vilianza mwezi Julai 1905 katika milima ya Matumbi, pale wananchi walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, lakini vita vilienea hadi Ungoni na kwingineko. Jeshi la Kijerumani liliteketeza maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja vifo 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo peke yake yatosha kuonyesha kwa nini nyaraka za mtawala haziwezi kuachwa ziseme bila kujibiwa.

Jibu lilianza kutafutwa kwa mpango mwaka 1968, wakati Dar es Salaam ilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Gwassa na John Iliffe walitoa mwaka huo mkusanyiko wa kumbukumbu za vita, na wanafunzi wa historia walitumwa katika wilaya zilizoguswa na vita kuwahoji wazee. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1905 alikuwa na miaka 73 wakati huo. Wanafunzi hao, kwa hiyo, waliwahi kusikia sauti za watu waliokumbuka kwa macho yao. Fursa hiyo haitarudi, na kila anayechunguza vita hivyo leo anawiwa na vijana wale pamoja na wazee waliokubali kuketi nao.

Hata hivyo, kila kazi hubeba alama ya wakati wake. Julius Nyerere alikwisha kuvitaja Vita vya Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama ushahidi kwamba Watanganyika hawakuridhia kutawaliwa. Taifa changa lilihitaji mizizi, na vita vilivyounganisha makabila mengi vilikuwa mzizi uliofaa sana. Hivyo swali lililotangulia likawa la umoja: watu waliunganaje? Lilikuwa swali la haki, ila halikuwa swali pekee ambalo vijiji vilikuwa nalo.

4.0 Kuzipima Habari

4.1 Nani aliulizwa?

Uchunguzi wa baadaye umedhihirisha yaliyofichwa na swali hilo. Katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, Thaddeus Sunseri alieleza kwamba chanzo cha machafuko huko hakiwezi kutenganishwa na njaa, uharibifu wa nguruwe mwitu mashambani, na mzigo ulioongezeka kwa wanawake wakati wanaume walipokuwa hawapo. Mambo hayo hayakuonekana kwa urahisi mradi waliohojiwa walikuwa hasa wazee wa kiume na habari zilizotafutwa zilikuwa za viongozi na mapigano. Aidha, mkusanyiko wa makala uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 ulionyesha kwamba vita hivyo vilikuwa na sura mbalimbali, kila mahali kwa ugomvi na mahusiano yake.

Funzo la kitaaluma ni dhahiri. Anayeuliza habari za vita tu ataelezwa vita. Akiuliza chakula kilipatikanaje mwaka uliofuata, mbegu zilitoka wapi, na nani alichimba mizizi porini, ataelekezwa kwa bibi ambaye hakuna aliyefikiri kumwita barazani. Vivyo hivyo kwa wazao wa watumwa, wageni walioingia ukoo kwa ndoa, na wale ambao babu zao walikuwa upande wa Wajerumani kama askari au wapagazi. Historia ya mahali isiyowatafuta watu hao huwa ni historia ya wenye baraza.

4.2 Mwangwi wa kitabu

Tatizo la pili ni la maandishi kurudi vinywani. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa na vizazi vya wanafunzi. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake ni kiumbe cha sanaa na hawi sawasawa na mtu wa historia. Tahadhari hiyo haikusafiri mbali kama tamthilia yenyewe. Leo msimulizi aweza kueleza maneno ya Kinjikitile kama alivyoyasikia darasani, akiamini kwamba ameyapokea kwa babu yake. Kumwambia kwamba amekosea si uhakiki. Kinachotakiwa ni kumuuliza kwa upole alilisikia jambo hilo kwa nani, wapi, na wakati gani wa maisha yake, kisha kuandika jibu hilo kando ya masimulizi. Hata mwangwi ni ushahidi: unaeleza namna kumbukumbu ya kijiji ilivyokutana na kumbukumbu ya taifa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mwangwi haukuanza na shule. Mapema kabisa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikuwa amekwisha kuvitungia vita hivyo utenzi, uliochapishwa kwa mara ya pili mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Mshairi wa mji wa pwani hakuwa mahali alipokuwa mkulima wa Umatumbi, na tofauti ya mitazamo yao ni habari yenyewe ya kuchunguzwa.

5.0 Kazi ya Uwandani

Kutokana na hayo, taratibu kadhaa zaweza kupendekezwa kwa walimu, wanafunzi na kamati za vijiji zinazotaka kuanza kazi hii.

Kwanza, kupanga wakati. Wazee wengi hawakumbuki miaka kwa tarakimu, lakini hukumbuka jambo kwa jambo jingine. Mtafiti hutengeneza orodha ya matukio yanayojulikana mahali hapo na ambayo mwaka wake umethibitika: vita vya Mjerumani na Mwingereza na uchukuzi wa wapagazi (1914–1918), ugonjwa wa mafua uliofuata vita hivyo, mpango wa karanga wa Nachingwea ulioanza mwaka 1947, Uhuru (1961), na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kisha huuliza: mama yako alikuwa ameolewa kabla au baada ya hapo? Nyumba ile ilikuwa bado ipo? Kwa njia hii masimulizi hupata mfuatano bila msimulizi kulazimishwa kubahatisha mwaka.

Pili, kutembea. Masimulizi yanayotolewa kivulini huwa mafupi. Yaleyale yakitolewa penye hame au kaburi hurefuka na kusahihishwa. Jambo hili lina uzito wa pekee kusini mwa Tanzania, kwa kuwa watu wengi hawakai tena walipokaa babu zao. Wakazi wa sehemu kubwa ya Liwale walihamishwa katika miaka ya 1940 kwa hoja ya kuzuia malale, na ardhi yao ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Operesheni Vijiji nayo iliwatenga wengine na makaburi yao. Mzee akionyesha penye mwembe na kusema hapa palikuwa kwetu, hatoi habari ya kale tu. Anatoa dai, na mtafiti hana budi kuliandika hivyo, bila kulitia chumvi wala kulipunguza.

Tatu, kuandika kila toleo kwa jina la mwenye nalo, kama ameridhia litajwe. Wazee wawili wakitofautiana kuhusu aliyeongoza kikosi, haimpasi mtafiti kuchanganya habari zao zikawa moja iliyo laini. Matoleo yote mawili yabaki, na nasaba ya kila msimulizi ielezwe, kwani mara nyingi tofauti hutokana na ukoo. Baada ya uchifu kufutwa mwaka 1963 ushindani wa koo haukufa. Ulihamia katika masimulizi.

Nne, kulinganisha na maandishi. Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam zina majalada ya utawala wa Kijerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, na misheni kongwe ziliweka kumbukumbu za kila siku. Karatasi hizi zisifanywe hakimu wa masimulizi. Ofisa aliyeandika orodha ya walionyongwa alijua tarehe, lakini huenda hakujua jina ambalo mtu huyo aliitwa nyumbani kwake.

Tano, kuheshimu mipaka. Zipo habari za matambiko, za aibu ya ukoo, au za asili ya mtu, ambazo msimulizi huzitoa ili mtafiti aelewe, wala si ili azichapishe. Makubaliano kuhusu habari hizo yafanywe kabla ya kinasa sauti kuwashwa.

6.0 Kurejesha

6.1 Suala la lugha

Wazee waliohojiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 walisema kwa lugha zao na kwa Kiswahili. Ripoti za wanafunzi, zilizokusanywa na kutolewa chuoni mwaka 1969, zilikuwa za Kiingereza. Sababu zake zinaeleweka, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya chuo na ya majarida ya kitaaluma. Lakini matokeo yake ni kwamba wajukuu wa wasimulizi walitengwa na maneno ya babu zao kwa kuta mbili, ukuta wa umbali na ukuta wa lugha.

Hasara haikuwa ya wajukuu peke yao. Katika kumbukumbu za Umatumbi limo neno njwiywila, lililotumiwa kwa ujumbe wa dawa ya maji uliopitishwa kwa siri kutoka mtu hadi mtu. Likifasiriwa kuwa mnong'ono tu, au kampeni ya siri, hupoteza ladha yake, na pamoja nayo hupotea dokezo la namna watu wasio na jeshi wala ofisi walivyoweza kupashana habari nchi nzima. Wanaoweza kulieleza neno kama hilo ni wasemaji wake. Hapa idara za Kiswahili zina wajibu usioweza kuachiwa wanahistoria: kunukuu masimulizi kwa lugha yaliyotolewa, kuyafasiri kwa Kiswahili sanifu sambamba na maneno ya asili, na kuyafafanua maneno ya mahali kwa msaada wa wenye lugha.

6.2 Kurejesha kama upimaji

Kurejesha hakumaanishi kupeleka nakala moja na kuifungia kabatini katika ofisi ya kijiji. Maana yake ni kusoma kwa sauti barazani kile kilichoandikwa, kusikiliza mapingamizi, na kuyaandika kando ya maandishi ya kwanza. Mara nyingi usomaji huo huamsha kumbukumbu ambayo mahojiano hayakuigusa: mtu aliyenyamaza siku ya kwanza husema anaposikia jirani yake amenukuliwa vibaya. Kwa sababu hiyo imeelezwa hapo juu kwamba kurejesha ni sehemu ya utafiti. Kumbukumbu za mwaka 1968 zenyewe, zikirudishwa leo Umatumbi, Ungindo na Ungoni kwa Kiswahili, zaweza kuwa mwanzo wa duru mpya ya kazi, ingawa hakuna shahidi wa macho aliyebaki.

6.3 Yaliyo hatarini

Songea inadhihirisha kwamba suala hili si la kinadharia. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa Gama na makumi ya viongozi wenzake walinyongwa hapo na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa baada yao, na kumbukumbu za ukoo wake zimeshikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Makumbusho ya Majimaji yalianzishwa mjini humo mwaka 1980, na mashujaa hukumbukwa kila mwezi Februari. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaonana na wazao wa Mbano, akaomba radhi kwa yaliyotendwa, na kuahidi kushirikiana katika kulitafuta fuvu bila kuweza kuahidi kwamba litapatikana. Jambo lililotunzwa katika ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 100 lilikuwa limefika mbele ya mkuu wa dola.

Kilimanjaro nako kuna ushahidi wa uhusiano huo kati ya kumbukumbu na haki. Mwezi Septemba 2023 watafiti wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vya mabaki ya watu kutoka Afrika ya Mashariki vimewaunganisha baadhi ya marehemu na jamaa walio hai nchini Tanzania, mmoja wao akiwa Akida, mshauri wa Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Maabara yaweza kulinganisha vinasaba. Haiwezi kujua ni mlango gani wa kubishwa. Jamaa walipatikana kwa sababu zilikuwapo familia zilizokumbuka ni nani aliyechukuliwa. Kumbukumbu ya namna hiyo ikikatika, mabaki hubaki na namba yake rafuni, na hakuna wa kuyadai.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba historia ya mahali ni kazi yenye kanuni zake na madhumuni yake, wala si ngazi ya chini ya historia ya taifa. Ukusanyaji huokoa kile ambacho umri utakichukua. Upimaji hutenganisha kilichoonwa, kilichosikiwa na kilichosomwa, pasipo kumdharau msimulizi. Urejeshaji huwapa wenye habari nafasi ya kusahihisha, kuongeza na kukataa. Mashahidi wa macho wa Majimaji wamekwisha. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu walioketi miguuni pao, na hao nao wamezeeka. Kilichosemwa na wazee mwaka 1968 kingalipo katika maandishi ya chuo, na kilichosalia vijijini kingalipo vinywani mwa hao wajukuu. Kuvikutanisha viwili hivyo, katika lugha ambayo pande zote mbili zinaifahamu, ni wajibu wa kizazi cha sasa cha watafiti, na kazi hiyo haiwezi kusubiri kizazi kingine.